Bawa la ndege ndani ya kompyuta: jinsi msukosuko wa hewa unavyokokotolewa

Abiria aliyeketi dirishani katika ndege ndogo, iwe inaondoka Zanzibar kuelekea Dar es Salaam au inajiandaa kutua katika kiwanja cha vumbi huko Maasai Mara, hulitazama bawa asione lolote likitendeka. Bawa limetulia kama ubao. Lakini juu ya ngozi yake ya bati, katika unene usiozidi upana wa vidole viwili, hewa inajikunja, inapindana na kuvunjika kuwa visulisuli vidogo vidogo visivyohesabika.

Tabaka hilo jembamba ndilo linaloamua ndege itakunywa mafuta kiasi gani. Ndilo pia linaloamua rubani anaweza kupunguza mwendo hadi wapi kabla bawa halijakataa kumbeba.

Kwa muda mrefu wahandisi walilichunguza tabaka hilo kwa kujenga sanamu ya bawa na kuipulizia upepo ndani ya handaki maalum. Mahandaki hayo yangali yanatumika, lakini sehemu kubwa ya kazi sasa hufanyika kwanza ndani ya kompyuta. Wala si kazi ya makampuni makubwa peke yake. Programu ya OpenFOAM ilitolewa bure kwa umma mwaka 2004, na ile ya SU2, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, ilifuata mwaka 2012. Mwanafunzi aliyeko Kampala, Muscat au Leeds mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kukokotoa mtiririko wa hewa kulizunguka bawa na kulala akisubiri jibu la asubuhi.

Jibu atalipata. Hapo ndipo penye hatari, kwani kompyuta hutoa jibu, tena kwa picha ya rangi za kupendeza, hata pale mhusika alipoitayarisha kazi yake vibaya tangu mwanzo.

Umbo lenye namba

Mahali pazuri pa kuanzia ni umbo linalojulikana kwa jina la NACA 0012. NACA ilikuwa kamati ya serikali ya Marekani ya utafiti wa usafiri wa anga, iliyoundwa mwaka 1915 na kurithiwa na shirika la NASA mwaka 1958. Mwaka 1933 ilichapisha vipimo vya maumbo 78 ya mabawa yanayohusiana, kila moja likiwa na namba yake.

Namba hizo zina maana. Tarakimu mbili za mwisho hutaja unene: 12 ni kusema kwamba sehemu nene kuliko zote ni asilimia 12 ya upana wa bawa, upana huo ukipimwa kutoka ukingo wa mbele hadi ukingo wa nyuma. Sufuri mbili za mwanzo husema kwamba bawa halikupinda: upande wa juu na wa chini ni sawa, kama mtu anayejitazama katika kioo. Bawa la Cessna 172, ndege ya viti 4 ambayo marubani wengi wamejifunzia, ni ndugu wa karibu wa umbo hilo. Lenyewe ni NACA 2412, yaani unene ni ule ule ila limepinda kidogo.

Kuna mtego mdogo hapa unaowanasa wengi. Fomula ya asili ya umbo hilo haifungi ukingo wa nyuma. Huuacha ukiwa na unene wa takriban asilimia 0.25 ya upana. Kwa bawa la upana wa mita 1.5, hizo ni karibu milimita 4. Wapo wanaoliacha umbo hivyo, na wapo wanaolirekebisha ili liishie katika ncha kali. Yote mawili yanakubalika, lakini anayelinganisha jibu lake na la mwenzake bila kujua mwenzake alichagua lipi, analinganisha mabawa mawili tofauti.

Namba ya Reynolds

Mwaka 1883 mjini Manchester, Osborne Reynolds alipitisha uzi wa rangi katikati ya maji yanayotiririka ndani ya bomba la kioo. Maji yakienda polepole, uzi ulinyooka. Mwendo ulipozidi, uzi ulianza kutikisika, kisha ukatawanyika ghafla na kuyapaka rangi maji yote. Reynolds aligundua kwamba mabadiliko hayo hayategemei mwendo peke yake. Yanategemea mwendo ukizidishwa kwa ukubwa wa kitu, kisha ukagawanywa kwa mnato wa maji au hewa.

Tuchukue ndege ndogo inayokwenda mita 60 kwa sekunde, yenye bawa la upana wa mita 1.5. Mnato wa hewa, kwa kipimo kinachotumika katika hesabu hii, ni takriban 0.000015. Mita 60 mara 1.5 ni 90; gawanya kwa mnato, unapata milioni 6. Hiyo ndiyo namba ya Reynolds, na ndiyo inayopaswa kuandikwa mwanzo kabisa, kabla ya kuigusa programu yoyote. Bawa dogo ndani ya handaki na bawa kubwa angani, namba hii ikiwa moja na mwendo wa sauti ukiwa haujakaribiwa, huonja hewa ya namna moja.

Milioni 6 ni namba kubwa, na ukubwa wake ndio chanzo cha taabu yote inayofuata.

Kwa nini hesabu haifanywi yote

Kanuni zinazoongoza mwendo wa hewa zinajulikana tangu karne ya 19. Claude-Louis Navier wa Ufaransa aliziandika mwaka 1822, na George Stokes, mzaliwa wa Ireland, akazikamilisha mwaka 1845. Mtu anaweza kuuliza: kama kanuni zipo na kompyuta zipo, kwa nini tusizikokotoe tu?

Sababu ni udogo wa visulisuli. Kisulisuli kikubwa huvunjika kikazaa vidogo, navyo huzaa vidogo zaidi, hadi mnato unapovimeza vikageuka joto. Mrusi Andrei Kolmogorov alionyesha mwaka 1941 jinsi ya kukadiria udogo wa kile cha mwisho. Kwa bawa letu, makadirio hayo yanadai vyumba vya hesabu zaidi ya bilioni milioni moja, na kila chumba kikokotolewe upya mara nyingi mno kwa kila sekunde ya safari. Kwa kazi ya kila siku ya mhandisi, hilo halifikiriki.

Kwa hiyo visulisuli havihesabiwi. Hewa huchukuliwa kwa wastani wake, njia ambayo Reynolds mwenyewe aliipendekeza mwaka 1895, na athari za visulisuli huingizwa kwa kanuni za ziada zinazojifanya kana kwamba hewa imeongezewa mnato. Kanuni hizo ni makisio ya watu wenye akili nyingi, yaliyosawazishwa kwa vipimo vya maabara. Msomaji asisahau neno makisio, kwa kuwa programu zenyewe hazilitaji.

Kwa mabawa ya ndege, makisio mawili ndiyo yanayotumika zaidi. La kwanza lina kanuni moja tu ya ziada, na lilitolewa mwaka 1992 na Philippe Spalart na Steven Allmaras wa kampuni ya Boeing. La pili, lenye kanuni mbili, lilitolewa mwaka 1994 na Florian Menter na hufahamika kwa herufi SST. Lipo pia lile la zamani la miaka ya 1970 liitwalo k-epsilon, ambalo hufaa kwa mabomba na vyumba vya viwandani. Kwenye bawa lina kasoro inayojulikana: hewa inapopanda dhidi ya shinikizo linaloongezeka, kama inavyokuwa nyuma ya mgongo wa bawa, kisio hilo huichelewesha kubanduka. Atakayelitumia ataambiwa na kompyuta kwamba bawa lake ni salama kuliko lilivyo.

Wavu na unywele

Baada ya hapo nafasi yote inayolizunguka bawa hugawanywa kuwa vyumba vidogo, kama wavu wa mvuvi uliotandazwa. Mbali na bawa vyumba vinaweza kuwa vikubwa kama nyumba. Karibu na bawa mambo ni mengine.

Mwaka 1904, katika mkutano wa wanahisabati mjini Heidelberg, Mjerumani Ludwig Prandtl alieleza kwamba hewa inayogusa bawa husimama kabisa, na kwamba mwendo hupanda kutoka sufuri hadi mwendo kamili ndani ya tabaka jembamba mno. Kwa ndege yetu tabaka hilo hufikia unene wa takriban sentimita 2.4 kwenye ukingo wa nyuma. Lakini kupanda kwenyewe hakuna usawa. Sehemu kubwa hutokea chini kabisa, karibu na ngozi, na huko ndiko chumba cha kwanza kinapotakiwa kuwa.

Chumba hicho kiwe chembamba kiasi gani? Wahandisi wana kipimo wanachokiita y+, kinachopima umbali kutoka ngozi ya bawa kwa kulinganisha na nguvu ya msuguano mahali hapo. Shabaha ni 1. Kwa namba ya Reynolds ya milioni 6, makadirio ya kawaida yanasema msuguano ni takriban 0.0028, nao huzaa mwendo wa kulinganishia wa mita 2.2 kwa sekunde. Ukigawanya mnato kwa mwendo huo unapata karibu mikromita 7. Unywele wa binadamu una unene wa takriban mikromita 70. Chumba cha kwanza, basi, kina kimo cha sehemu 1 ya 10 ya unywele, kwenye bawa ambalo mtu mzima anaweza kulala juu yake.

(Programu nyingine hupima umbali huo hadi katikati ya chumba, si hadi dari lake. Katika hizo chumba kinaweza kuwa na kimo mara mbili. Ni jambo la kusoma katika kitabu cha maelekezo kabla ya kuanza.)

Kutoka hapo kila chumba kinakuwa kikubwa kidogo kuliko kilicho chini yake. Kikizidi kwa asilimia 20 kila hatua, vyumba 36 vinatosha kulivuka tabaka lote. Kikizidi kwa asilimia 10, vinahitajika takriban 62, na jibu huwa bora. Anayekosa uvumilivu anaweza kutumia njia ya mkato: kuweka chumba cha kwanza mbali zaidi, y+ ikiwa 30 au zaidi, ambayo hapa ni sehemu ya tano ya milimita, na kuiachia fomula ijaze kilichorukwa. Njia hiyo hufaa hewa inapolifuata bawa kwa utii. Kisichofaa ni kuangukia katikati, kati ya 5 na 30, ambako fomula ya chini na ya juu zote mbili hazisemi kweli.

Vyumba visongamane pia katika ncha ya mbele, ambako hewa hugeuka kwa ghafla, na katika ukingo wa nyuma.

Upepo unakotoka

Wavu lazima uishie mahali. Wengi huukatiza karibu mno, kwa kuwa hewa ya mbali huonekana haina habari na bawa. Sivyo. Bawa linaloinua huizungusha hewa yote inayolizunguka, na mzunguko huo hufifia polepole. Katika umbali wa mara 20 ya upana wa bawa, kwa pembe ya nyuzi 10, bawa bado hugeuza mwelekeo wa upepo kwa takriban robo ya digrii. Ukilazimisha upepo wa mpakani uwe umenyooka kabisa, umebadilisha pembe ya bawa bila kujua. NASA katika majaribio yake ya marejeo huweka mpaka mbali mara 500. Gharama yake si kubwa kama inavyodhaniwa, maana vyumba vya huko ni vipana sana.

Upepo unaoingia nao una msukosuko wake, na programu itauliza kiasi gani. Kwa kisio la Spalart na Allmaras ni kawaida kuweka mnato wa ziada kati ya mara 3 na mara 5 ya mnato halisi wa hewa, kiasi kinachotosha kulifanya tabaka la bawani lichafuke tangu mwanzo. Kwenye ngozi ya bawa mwendo ni sufuri na mnato wa ziada ni sufuri. Anayetumia SST akumbuke kwamba msukosuko anaoandika mpakani hufifia njiani, na unaolifikia bawa si ule alioandika.

Swali la jibu

Hesabu huanza na kurudiwa maelfu ya mara. Kila mzunguko huacha mabaki, yaani kiasi ambacho kanuni bado hazijatimia, na mabaki hayo yanatakiwa kushuka mara elfu kadhaa. Hayo hayatoshi. Ni lazima kutazama namba mbili zenyewe zinazotafutwa, kizigeu cha uinuaji na kizigeu cha ukinzani, hadi zitulie zisibadilike tena. Mara nyingi uinuaji hutulia mapema, huku ukinzani ukiendelea kuteremka taratibu, na mwenye haraka huondoka na namba isiyo yake.

Kisha hufuata sehemu ambayo wanafunzi huichukia: kuifanya kazi yote upya kwa wavu mzito zaidi, na tena kwa wavu mzito kuliko huo. Vyumba vikiwa vikubwa, makosa ya hesabu hutenda kama mnato bandia, na bawa huonekana lina ukinzani ambao hewa haikulipa. NASA imeweka hadharani nyavu za NACA 0012 kwa ngazi tano, kuanzia nukta 113 kwa 33 hadi 1793 kwa 513. Ule wa ngazi ya pili kutoka juu una vyumba karibu 230,000, na kompyuta ya mezani huumudu.

Majibu ya kulinganishia yapo. Kwa namba ya Reynolds ya milioni 6 na kisio la Spalart na Allmaras, programu kadhaa zilizoandikwa na watu tofauti zinakubaliana kwamba kwa pembe ya nyuzi 10 kizigeu cha uinuaji ni takriban 1.09 na cha ukinzani takriban 0.0123. Kwa pembe ya sufuri ukinzani ni takriban 0.0082. Anayepata 0.015 kwa pembe ya sufuri arudi kwenye wavu wake.

Na anayepata 0.008, kisha akafungua kitabu cha zamani na kukuta 0.006, asikate tamaa. Katika handaki lenye upepo laini, sehemu ya mbele ya bawa hubaki na hewa tulivu kabla ya kuchafuka, na hewa tulivu ina msuguano mdogo. Makisio tuliyoyataja huichukulia hewa kuwa imechafuka tangu mwanzo. Ndiyo maana vipimo vya Ladson wa kituo cha NASA cha Langley, vilivyochapishwa mwaka 1988, vinapendwa na wakokotozi: mbele ya bawa zilibandikwa chembe za kukwaruza ili hewa ilazimike kuchafuka mapema. Kila mmoja alinganishe na kipimo kinachofanana na alichokiomba.

Bawa linapokataa

Manahodha wa majahazi wanalijua jambo hili kwa tanga. Wakienda joshi, tanga likiukabili upepo kwa pembe ndogo huvuta vizuri. Likipitiliza, hewa ya nyuma yake huvurugika na mvuto hupotea. Kwa NACA 0012 katika namba ya Reynolds tunayoizungumzia, uinuaji hukua hadi kizigeu cha karibu 1.6, pembe ikiwa takriban nyuzi 16. Baada ya hapo hewa hubanduka mgongoni na ndege huporomoka. Bawa kuishiwa nguvu karibu na ardhi ni miongoni mwa sababu kuu za ajali mbaya za ndege ndogo, na hivyo hakuna namba ambayo mhandisi angependa kuijua kwa uhakika kuliko hiyo.

Bahati mbaya, ndiyo ambayo makisio haya hayaijui vizuri. Katika nyuzi 10 yanaaminika. Katika nyuzi 15 yanavumilika. Kuanzia 16 kila kisio husema lake, na mara nyingi hesabu yenyewe hukataa kutulia, ikiyumba huku na huko. Wengine huilazimisha itulie kwa kuongeza mnato bandia, kisha huchapisha jibu. Mwandishi wa makala haya anaona ni heri mara mia kuandika kwamba haikutulia. Ripoti iliyotolewa na NASA mwaka 2014 kuhusu mustakabali wa fani hii ilikiri kwamba mitiririko iliyobanduka ndiyo kikwazo chake kikubwa.

Njia ya kati ipo: visulisuli vikubwa vihesabiwe kwa kweli na vidogo tu ndivyo vikisiwe. Joseph Smagorinsky aliianzisha mwaka 1963 kwa ajili ya utabiri wa hali ya hewa, na mwaka 1997 Spalart na wenzake walipendekeza kuiunganisha na makisio ya zamani: kisio karibu na ngozi, hesabu halisi katika hewa iliyobanduka. Hapo gharama hupanda ghafla, kwani kazi haiwezi tena kufanyika juu ya mchoro bapa. Visulisuli hujikunja katika pande zote tatu, na bawa lazima lipewe urefu. Bado hupatikana watu wanaoiendesha njia hiyo juu ya wavu bapa, wakapata picha za kuvutia za hewa ambayo haipo popote duniani.

Upande mwingine wa kipimo nao una matatizo yake. Ndege zisizo na rubani zilizoanza kupeleka damu hospitalini nchini Rwanda mwaka 2016 zina mabawa membamba na mwendo mdogo, kwa hiyo namba yao ya Reynolds iko chini mno ya ile milioni 6. Huko hewa tulivu inaweza kubanduka, ikachafuka ikiwa hewani, kisha ikalirudia bawa, na kuacha povu la hewa iliyonaswa mgongoni. Kisio linalochukulia kwamba hewa imechafuka tangu ncha ya mbele halitaliona povu hilo kamwe. Kwa bawa la aina hiyo hutumika makisio mengine, yanayokadiria mahali hewa inapoanza kuchafuka, na msukosuko wa upepo unaoingia, ule ulioandikwa mpakani, huwa ndio namba inayobadilisha jibu zima.